Baba Mkwe na Kamba ya Kupimia

Wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne. Aliyesoma ni mpwa wake anayefanya kazi halmashauri, na alisoma kwa sauti yake ya vikaoni: marehemu alizaliwa, marehemu alibatizwa, marehemu alioa, marehemu ameacha watoto na wajukuu. Turubai zile zile tunazowapelekea wengine misibani zilikuwa zimetufunika na sisi. Nilikaa mstari wa pili, kanga kichwani, nikijiuliza huyu anayesomwa ni nani. Kwa hiyo mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake, mkamuulize mpwa wake. Mimi nitasema ninayoyajua.

Nilifanya naye kazi karakana moja miaka kumi na tisa. Mjini Bariadi walimwita Fundi. Mimi ni mkamwana wake, nilimwita Baba. Yeye aliniita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Alitengeneza majeneza, mimi nikashona vitambaa vya ndani na mito. Na niseme mapema nisije nikaonekana ninaficha: miaka sita ya mwisho nilikuwa na swali moja kooni. Siku alipokufa mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, alinipa mimi kamba nikampime. Wanaume walikuwepo tele. Kwa nini mimi? Hilo tu ndilo nililotaka anijibu kabla mmoja wetu hajafa.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze hiyo kamba.

Baba alikuwa na tepu, imening'inia ukutani. Ilikuwa ya milango na vitanda. Maiti haikupimwa kwa tepu. Familia ilikuja na kamba ya katani iliyokatwa na mkono wa ndugu wa marehemu, urefu wake kamili, na fundo upande wa kichwa. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaitandaza juu ya meza, akaipitishia kiganja polepole kuanzia kwenye fundo. Hapo ndipo alipochagua mbao. Jeneza likiisha, kamba inarudi na wenyewe, inaingia kaburini. Aliyekuja bila kamba alirudishwa, hata awe mkubwa gani. Diwani mmoja alirudishwa. Alikuja na namba kwenye simu, mita moja na ngapi sijui, Baba akamwambia, "Mheshimiwa, simu haijamshika marehemu. Kamkatie kamba."

Utaratibu huo aliutoa wapi? Mama mkwe, kabla hajatangulia, alinisimulia huku akicheka. Zamani walikuwa wanatengeneza vitanda na stuli tu. Siku moja jirani akaingia, hawezi kusema neno, mkononi ameshika kamba ya kufungia ndama. Alikuwa amempimia mtoto wake. Baba akaelewa, akatengeneza. Baada ya siku chache akaja mtu mwingine na kamba, kwa sababu alisikia kwamba pale wanakwenda na kamba. Akaja wa tatu. Basi. Familia yetu ikaingia kwenye biashara ya misiba hivyo hivyo, bila kikao. Mama mkwe akaanza kushona mito, na alipozeeka macho akaniachia mimi sindano.

Kwa aliye hai kamba hiyo ilikuwa mwiko. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu wa mahesabu na wa kujipanga, alikuja kuagiza jeneza lake mapema ili asiwasumbue watoto. Alikuja na kamba aliyojikatia mwenyewe. Baba alimtazama kama mtu aliyekuja uchi. Akampa chai. Akamwambia, "Mwalimu, hapa nakutengenezea kabati." Mwalimu akabisha, wakabishana mpaka chai ya pili, mwisho akatengenezewa kabati la mninga, refu kama yeye, na Baba akaichoma ile kamba mbele yake kwenye jiko la gundi. Mwalimu aliweka suti zake humo na alijisifu nalo kwa kila mgeni. Aliishi nalo miaka mingi. Alipokufa, watoto walikuja na kamba mpya kama watu wote.

Alikuwa anasema, "Mbao hazina haraka, wenye haraka ni sisi." Na yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko binadamu wote niliowahi kuwaona. Chakula alikula amesimama. Kanisani alitoka kabla ya matangazo. Wimbo wa mazishi akiuona unaburutwa, aliuingilia kwa sauti ya pili na kuuvuta mbele, kwaya nzima ikamfuata bila kupenda. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini ubao wa kwanza wa kila kazi hakuukata bila kunong'ona kidogo kwa Kisukuma, na ukimuuliza anasema anahesabu. Anahesabu! Nimesikia majina ya wazee waliotangulia pale, nyie.

Neno jeneza hakulitamka. Alisema kazi. "Kazi ya Nyalikungu imekauka vanishi?" "Kazi ya mtoto ile, Mayu, mto wake uwe mdogo." Niliolewa kule nikidhani nimeingia kwa watu wa ajabu. Baada ya mwaka na mimi nikawa nasema kazi.

Alipenda ngoma. Hili halikusomwa kwenye wasifu, mpwa wake aliona aibu. Pamba ikishauzwa na Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wakianza kushindana, Baba alifunga karakana, akavaa shati lake la kijani, akaenda kusimama jua zima kuwatazama. Alirudi amekauka sauti kwa kuwazomea Bagalu. Kuna mwaka familia ya marehemu ilimfuata huko huko uwanjani na kamba yao, akaipokea kwa mikono miwili katikati ya kelele, akatoka bila kugeuka nyuma. Shati la kijani likaingia vumbi la mbao siku hiyo.

Kosa lake kubwa lilitokea Mwandoya. Yeye mwenyewe aliwasimulia wateja, hakulificha. Kamba ililetwa kwa pikipiki, mvua inanyesha njia nzima, na aliyeileta aliifunga kiunoni. Ilifika imelowa chapachapa. Sasa katani ikilowa inajikunja, inakuwa fupi. Baba alilijua hilo vizuri, lakini siku hiyo kulikuwa na kazi tatu mezani, akapima ikiwa mbichi. Tulipofika Mwandoya, baada ya kusukuma pikapu kwenye tope la mbuga mpaka tukawa weusi, marehemu hakuenea. Alizidi kwa vidole vinne.

Jamani! Msiba mzima umekutazama. Mume wangu alianza kuomba radhi, mara anasema hivi, mara vile. Baba aliweka kofia chini, akaomba ubao. Hapakuwa na ubao. Wakang'oa mlango wa ghala la mahindi, akakaa chini kwenye udongo uliolowa, akalifungua jeneza upande wa miguu, akaliongeza. Shingo yake yote ilikuwa jasho. Mama wa marehemu, bibi wa miaka mingi, akaja akakaa karibu yake, akamwambia, "Baba, usijiumize. Huyu hata kitandani kwake miguu ilitoka nje. Mke wake alikuwa akilalamika kila siku." Watu wakacheka. Baba peke yake hakucheka.

Tangu hapo kila jeneza letu lilizidi kwa vidole vinne. Kamba ikija imelowa, anaianika kwanza, familia isubiri, hata ilie. Akiona mimi nakunja uso ananiambia, "Mayu, Mwandoya ile," nami narudi kwenye sindano yangu.

Mume wangu hakufanana na baba yake. Alikuwa mtu wa watu, wa kupiga simu. Yeye ndiye aliyeleta turubai, viti vya plastiki, spika, na ile pikapu tuliyoifunga kioo nyuma ikawa gari la msiba. Yeye ndiye aliyeweka kibao barabarani: Huduma za Mazishi, na chini yake namba mbili za simu. Baba alikaa siku tatu bila kupita mlango wa mbele. "Msiba una miguu yake," alisema, "hauhitaji kibao." Mwanawe akamjibu, "Baba, wenzetu kule karibu na hospitali wana majeneza yenye vioo na taa." Baba akauliza taa ni za nani, marehemu au mbu. Tulicheka mpaka mume wangu akashika mbavu.

Walichobishania kweli ni hiki: mume wangu alitaka tutengeneze majeneza mapema, tuyaweke, mtu akija achague aondoke. Baba alikataa katakata. Kazi isiyo na kamba, alisema, ni kumwita mtu afe. Walibishana miaka, wakila sahani moja. Hawakununiana hata siku moja, na mimi niliwaonea wivu, maana kwetu sisi watu tukibishana tunagawana mashamba.

Halafu mume wangu akafa.

Ulikuwa msimu wa pamba. Gari letu lilikuwa gereji, akaomba lifti kutoka Kasoli juu ya lori la pamba, na lori likapinduka. Mimi sikupigiwa simu na mtu. Asubuhi, kama saa mbili, nilikuwa uani nafua, Baba akaja akasimama mbele yangu. Mkononi alikuwa na kamba mpya ya katani. Akanipa. Akasema, "Mayu, nenda hospitali. Ukampime mwenzio."

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Nilikwenda. Mdogo wake Baba alinipeleka, akabaki nje. Mhudumu wa monchwari akashika fundo kichwani, mimi nikaivuta kamba mpaka kwenye kisigino, nikakata kwa mkasi wangu wa kushonea. Nilipima vizuri. Sikulia. Niliporudi Baba alikuwa tayari ana randa mkononi. Alipokea kamba kwa mikono miwili, hakunitazama usoni, akageuka. Nikashona mto. Nani mwingine angeushona?

Kesho yake wakati wa kuaga, watu wamejipanga mstari kupita kwenye jeneza, Baba alikuwa chini ya pikapu anafunga nati. Nati gani? Gari lilikuwa limetoka gereji. Wazee walimwita mara mbili, akajibu anakuja, hakuja mpaka mfuniko ukapigiliwa. Wapo waliomsifu, mzee ana moyo wa mninga. Mimi nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia, halafu hata chuki yenyewe ikafa ganzi. Nilikula, nikalala, nikawapeleka mapacha wangu shule, nikashona. Ukinichoma sindano ningetazama tu damu.

Ndugu zangu waliniambia nirudi kwetu Maswa. Sikurudi. Walidhani naipenda kazi. Nilibaki kwa ajili ya lile swali.

Na kuna jambo lingine nililoliona, nikalitafsiri vibaya. Baada ya mazishi yale Baba hakupokea kamba tena. Watu walikuja nazo kutoka vijijini, kama kila mtu alivyozoea, naye anawaambia, "Rudini nayo, chagueni pale." Alikuwa ameanza kutengeneza ya kuweka: kubwa, ya kati, ndogo, yamepangwa ukutani kama mwanawe alivyotaka siku zote. Mimi nikasema moyoni, aha! Mwenye wazo amekufa, sasa ndiyo analiona zuri. Nikamwongezea kosa juu ya kosa.

Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alianguka karakanani, mkono wa kulia bado umeng'ang'ania msumeno. Dada yake, shangazi yetu, akahamia kumuuguza. Kazi nikaiendesha mimi na mafundi wawili. Kila wiki maneno yake yalipungua. Kwanza yalipotea majina ya watu, halafu majina ya vitu. Daktari alisema kinaweza kurudi cha pili. Nikaona nikizidi kusubiri kwa adabu, atakwenda na jibu langu.

Nilikwenda Jumamosi, saa nne asubuhi, shangazi alipokuwa jikoni anapika uji. Kwetu mkamwana haingii chumba cha baba mkwe wake, na kitanda chake hakigusi. Kwa hiyo nikaweka kigoda kizingitini, nikakaa ubavu, macho nikayaelekeza uani.

"Mwangaluka, Baba," nikamsalimia.

"Mhola, Mayu." Midomo ilikuwa mizito, lakini akili ilikuwepo. "Kazi ipo?"

"Ipo. Moja ya Kasoli."

Akaitikia kwa kichwa. Nikahesabu kuku waliokuwa uani. Halafu nikasema, "Baba, nina neno. Siku ile ulinipa kamba. Mdogo wako alikuwepo, wapwa zako walikuwepo. Kwa nini mimi?"

Nilidhani amelala, nikageuka kumtazama. Alikuwa macho.

"Nilikwenda," akasema.

"Wapi?"

"Kule. Alfajiri. Na kamba." Alisimama baada ya kila neno, kulitafuta linalofuata. "Yule mhudumu akafungua mlango. Sikuingia. Nikarudi mpaka barabarani. Nikaenda tena. Mara tatu, Mayu. Mara ya tatu akaniuliza kama naumwa."

"Ungemwagiza mdogo wako."

"Yule angevuta tu. Kama anapima ng'ombe." Akavuta pumzi. "Wewe ungempima vizuri."

Hapo nilipandwa na hasira, ya kwanza kwa miaka. "Mimi sikuwa fundi wako siku ile, Baba! Nilikuwa mke wake. Hata kuambiwa sikuambiwa. Ulinipa kamba!"

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale. Mdomo haukufunguka." Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake, "Nilikukosea, mwanangu. Na kamba sikuishika tena."

Nilikuwa nimesubiri miaka sita. Nilidhani nikilisikia neno hilo kitu kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Nilikaa tu pale, nasikia kuni za shangazi zinapasuka jikoni, nikawaza, kumbe ni hili tu.

Ndipo na yeye akaniuliza. "Alikuwaje?"

"Nani, Baba?"

"Mwanangu. Mimi sikumwona."

Mtu huyu alikuwa amewafunika watoto wa watu mkoa mzima. Sikuwa na la kumpunguzia, nikamwambia kama nilivyoona. "Uso ulikuwa mzima. Kilichoumia ni kifua. Kiatu kimoja hakikuwepo. Na kichwa chote kilikuwa kimejaa pamba, ile ya kwenye lori, imenasa kwenye nywele."

"Pamba."

"Kichwa kizima, Baba. Mpaka kwenye nyusi. Nilipoingia nilidhani wamenionyesha mzee."

Alifikiri. Jicho la kulia likazunguka kwenye dari. "Alikuwa mweupe kichwa," akasema. "Kama mimi."

"Kama wewe. Niliitoa kidogo kidogo kwa vidole, ndipo nikampima."

"Uliiweka wapi?"

"Mfukoni mwa sketi."

"Ipo?"

Sijui kwa nini sikumdanganya. "Niliifua ile sketi, Baba. Wiki ile ile. Sikukumbuka kutoa."

"Ukafua," akasema, na akaanza kulia. Alilia kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unafanya kazi. Upande wa pili ulitulia kama haumjui. Machozi yakaingia sikioni, na mkono wa kulia ulikuwa umenaswa na blanketi, hauwezi kutoka.

Leso ilikuwa mezani, hatua tatu ndani. Niliinuka kwenye kigoda nikaingia. Nikamfuta jicho, nikamfuta sikio, nikaona haifai kuinama hivyo, nikakaa kitandani. Mimi sikulia. Nilimsimulia tena tangu mwanzo, kwa sababu aliniomba: uso, kiatu, pamba. Nikamsimulia na mara ya tatu.

Shangazi akaja na bakuli la uji, akanikuta nimekaa kwenye kitanda cha baba mkwe wangu, nimeshika kichwa chake. Akasimama mlangoni. Halafu akaweka bakuli juu ya kigoda, akavuta mlango taratibu, akauegesha.